Vifungo Sita

"Haya bibi, vaa gauni na ufunge vifungo mwenyewe," muuguzi alimwambia shoga yangu. Mimi kitandani kwangu nikajifanya nakohoa.

Katika makao yetu ya wazee, asiyeweza kujivalia huhamishiwa jengo la pili, wanakouguzwa wasiojiweza. Huko ada ni maradufu, na binti yake ni mfagiaji, atatoa wapi? Na akihamishwa, mimi nitagombana na nani?

Vidole vya shoga yangu vinatetemeka kama vina baridi yao peke yao. Basi jana nilichukua sindano, nikavishona vifungo vyote sita vikiwa vimefungwa kabisa. Gauni likawa la kuvaliwa kwa kupitishwa kichwani, kama gunia.

Sasa shoga yangu akajitumbukiza. Akaibukia juu, nywele timtim, akavipapasa vifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho.

"Tayari, mwanangu. Nikufungie na vyako?"

Muuguzi hakucheka. Aliinama, akakishika kifungo cha tatu, akakigeuza. Hapo ndipo nilipouona uzi wangu: mweupe pe kwenye gauni jeusi, na mkia wake unaning'inia. Macho haya nayo!

Muuguzi akanigeukia. Mimi nikaangalia dari, kana kwamba ndiyo kwanza imewekwa.

Akatoa mkasi mfukoni, akaukata ule mkia, akauviringisha kidoleni.

"Bibi," akaniambia, huku akitafuta kalamu ya kuandika kuwa shoga yangu amejivalia, "siku nyingine omba uzi mweusi. Ninao."