Mgongo wa Idwal

Idwal alijikunyata ndani ya beseni la bati mbele ya moto, magoti yakigusa kidevu. Jezi yake ya raga ilichuruza matope sakafuni.

Mkewe alimsugua shingo na mabega, akauruka mgongo kama kawaida. Wachimba makaa ya mawe wa bonde lile la Wales, naye akiwa mmoja wao, waliamini mgongo ukioshwa hulegea, na Idwal aliuhitaji kusukumana mstari wa mbele wa timu yake ya raga. Ulikuwa mweusi kwa vumbi la makaa tangu harusi yao.

"Mmefungwa tena?"

"Tumewatandika! Yule mchezaji wao muuza nyama amenilalia shingoni kama ng'ombe mzima."

"Siku moja wataniletea maiti. Na hawakulipi hata senti!"

"Nililishwa pai, mama."

Mkewe hakucheka. Idwal aliigusa shingo yake iliyovimba. Kisha akamtia sabuni mkononi, akainama.

"Haya, sugua mgongo."

"Wote? Na mechi ya Jumamosi?"

"Jumamosi watafute mgongo mwingine."

Mkewe alisugua polepole, maji yakawa wino. Chini ya bega la kushoto likatokea baka dogo la kuzaliwa, la rangi ya chai.

"Kumbe una hili," alisema, akaligusa kwa kidole.