Udongo Unaopungua

Kwa sheria, kila nyumba ina pipa lake la mboji, na pipa hupima kila kinachoingia na kinachotoka. Asubuhi hiyo afisa wa mtaa alipita kuuliza kama watu wameridhika nalo.

"Mimi sina neno," alisema Bi Kibibi. "Halinuki, halina inzi. Ila siku hizi udongo unapungua, kila wiki kama kiganja kimoja. Labda mizani imeharibika."

Hidaya, mke wa mwanawe, alikuwa pembeni akimenya viazi. Alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga. Udongo ule ulinukia kama mvua ya kwanza. Tangu mwezi uliopita hakuweza kulifunua pipa bila kuuonja.

Afisa alisoma kioo cha pipa.

"Mizani ni nzima, mama. Pipa limeshajua udongo unakokwenda, ndiyo maana limewaandika wakazi wanne."

"Tuko watatu."

"Wanne. Hongereni."

Kisu kilisimama mkononi mwa Hidaya. Alikuwa hajamwambia hata mumewe. Alimtazama mama mkwe wake, akingoja kuulizwa.

Bi Kibibi alikuwa ameshaliinamia pipa.

"Mimba ya miezi mingapi?" akaliuliza.