Gazeti la Bi Mwanaharusi

Siku hizi gazeti liko kwenye simu tu, na wenye gazeti wanaruhusiwa kubadilisha habari za zamani wapendavyo. Jana wamemfuta marehemu mume wa jirani yangu, Bi Mwanaharusi, kwenye timu iliyochukua kombe.

Akanijia mbio. "Shoga yangu, nipe lile gazeti la karatasi nililokupa unitunzie. Ndilo pekee lililobaki na picha yake."

"Limo sandukuni, ngoja nilitafute."

Uongo! Nilishalichana nikawafungia wateja bajia, na mumewe, pale pichani, kwa kunyonya mafuta alikuwa hodari kuliko uwanjani.

Nikajifanya napekua nguo. Yeye akakaa kitandani, akafumba macho. "Nimeanza kusahau. Alivaa jezi namba ngapi?"

"Tisa," nikamjibu.

Akatabasamu, akairudia tisa yake mpaka ikamkaa kichwani. Mimi hata sijui kama alicheza mbele au nyuma.