Mshahara Mmoja

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, faili kwapani, akasimama kando ya meza ya kukatia ngozi. Mama Pacha na mumewe walikuwa wakikata ngozi za viatu, uso kwa uso, kila mtu na kisu chake.

"Nyinyi mnafanya kazi moja?" mwanamke yule aliuliza.

"Moja," Mama Pacha akajibu. "Tofauti yetu ni ndevu tu."

Washonaji wakaangua kicheko.

"Na mshahara?"

Kicheko kikakatika. Katika karakana ile, mshahara wa mtu haukutajwa kwa sauti. Lakini nani asingemtambua afisa wa Idara ya Kazi? Viatu vimepigwa rangi, faili, maswali.

"Mwenzangu anapata mara mbili yangu," Mama Pacha alisema. "Bosi anadai mwanamume ndiye anayelisha familia. Mimi sijui nalisha kuku!"

"Mke wangu, utatuponza," Baba Pacha alinong'ona.

"Liwalo na liwe."

Pacha wao wa kiume alikuwa shuleni. Wa kike alikuwa bado nyumbani, akingoja ada. Mama Pacha angelipwa sawa na mumewe, na binti naye angesoma.

Mgeni aliomba kisu, akajaribu kukata. Akaharibu kipande kizima.

"Usijali, mdogo wangu. Ukirudi nitakufundisha mpaka unipite."

"Kweli, dada?"

"Nimeshasema. Nakuahidi."

Mgeni akaelekea ofisini kwa bosi, akafunga mlango. Washonaji wakakonyezana: leo kapatikana!

Jioni bosi alitoka, uso mkavu. "Manung'uniko yenu nimeyasikia. Kuanzia kesho, meza ya kukatia ina mshahara mmoja. Awe mwanamke, awe mwanamume."

Karakana ikalipuka kwa makofi. Mama Pacha akampiga mumewe begani. "Umeona, mwoga wangu?"

Nyumbani, binti alijaribu sare ya shule, akakataa kuivua. Akalala nayo.

Asubuhi mlinzi alimruhusu Mama Pacha kupita. Mumewe akazuiwa getini.

Mama Pacha alikimbilia ofisini. "Bosi, si ulisema mshahara mmoja?"

"Ndiyo. Huo wako wa siku zote." Bosi hakuinua macho. "Mwanamume hawezi kuukubali. Nimempata atakayeukubali."

Mama Pacha alirudi mezani. Upande wa mumewe alisimama mgeni wa jana, aproni kiunoni, amekibana kisu mkononi.

"Dada, mimi nilikuja kuomba kazi tu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nina watoto."

Mama Pacha akazunguka meza, akasimama nyuma yake, akaushika ule mkono.

"Usikibane hivyo," alisema. "Kiache kiteleze."