Bakteria Waliogoma

Mwanaheri alichovya vichupa vinne katika maji ya nyuzi arobaini na mbili, akahesabu hadi hamsini, akavirudisha kwenye barafu. Katika sekunde hizo za joto bakteria hupokea jeni ngeni ya yavuyavu, kiumbe laini wa baharini anayeng'aa. Sukari ya arabinosi ikitiwa kwenye chakula chao huiamsha, nao hung'aa kijani.

Mzee Anselmi ndiye aliyemfundisha hayo, alipokuwa mkuu wa maabara na Mwanaheri mfagiaji. Kisha wafadhili waliondoka, wafanyakazi wakapunguzwa. Kati ya watu sita akabaki Mwanaheri tu. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno na mtu.

Saa kumi jioni mlango uligongwa, mzee akaingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Wagomaji wetu wanasemaje?"

"Bado wamegoma."

Walifunga pazia, wakainamia kisahani cha bakteria wa jana chini ya taa ya urujuanimno. Bakteria walikuwa wameota vizuri, madoa meupe yaliyonona. Hawakung'aa.

"Labda wamesikia na wao wanabinafsishwa," mzee alisema.

Mwanaheri alicheka, akachemsha chai. Mzee alipitia daftari mstari kwa mstari: joto, muda, dawa, sukari. Hakuona kosa.

"Binti yangu kapiga simu tena kutoka Songea. Chumba kiko tayari. Nikamwambia, kazi niliyoianza mwenyewe niiache gizani? Nikiiona inawaka, kesho yake napanda basi."

"Vumilia, Mwalimu."

"Navumilia. Macho ndiyo hayavumilii. Daktari kanipa miezi, si miaka."

Mwanaheri aliinua birika. Alimwongezea chai.

Alimsindikiza mpaka chini ya ngazi, akamtazama akienda taratibu, mkono mmoja ukipapasa ua wa michongoma. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu. Alirudi juu, akafunga mlango kwa ufunguo, akamimina rojo la chakula katika visahani viwili ambavyo angevipaka bakteria asubuhi.

Halafu akatoa kwenye friji kisahani cha pili cha jana, akakiweka chini ya taa, nacho kikawaka kijani mpaka vidole vyake vikaonekana. Alikitazama kidogo, akakirudisha, akatia sukari katika kimoja cha vile viwili vya kesho, na kwenye kile kingine akaandika: Mwalimu.