Kitambaa Chekundu Uzioni

Rebeccah alisikia pikipiki ikikata kona ya kiwanda cha chai, akakimbia hadi uzioni kukaza fundo la kitambaa chekundu. Kilikuwa kimefungwa kwenye mti usio sahihi, na aliyekifunga hapo ni yeye mwenyewe.

"Ee Mungu, leo tena asijue," alinong'ona.

Mti wenyewe, ule wa kweli, ulikuwa kisiki kilichofunikwa magunia. Ulikuwa senetwet kama ile mingine yote ya uzio, lakini Okoth, mtafiti kutoka chuo kikuu, aliupenda ajabu, akaufunga kitambaa hicho kuwa alama. Ndani yake, alimweleza Rebeccah, mliishi bakteria wasioonekana kwa macho. Hawakuudhuru mti hata kidogo. Badala yake walitengeneza kemikali ya kuua viini vya ugonjwa, na huenda siku moja ikawa dawa ya watu.

"Ni wapangaji, Mama Kipkurui. Kodi yao ni dawa," alisema akicheka. "Na hawako kwa mti mwingine. Hata huu jirani nimepima, hawako. Maabara haidanganyiki."

Basi akawa anakuja kila mwezi kuchuma majani ya kupima, na Rebeccah akapata mtu wa kumwandalia kikombe. Mumewe, Mzee Johana, alikuwa amekufa. Mwanawe Kipkurui alikuwa Qatar, akipiga simu Krismasi kwa Krismasi. Upweke ulimzidi mama huyu hadi akawa anawasalimia ng'ombe salamu ndefu, kisha ananyamaza kidogo kana kwamba watajibu.

Furaha ya mgeni ndiyo iliyomponza. Alitaka kumpa mursik ya heshima, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, na kibuyu cha mursik lazima kisuguliwe kwa mkaa wa senetwet, la sivyo hayo ni maziwa ya kuganda tu. Sasa mgeni kama huyo unamchomea mti gani? Ni ule ule anaousifu! Akachukua panga, akakata tawi nene, akaona halitoshi, akakata na lingine. Jua la Januari likamalizia kazi. Alipogutuka mti umekauka, wacha alie! Alilia kweli, kisha akafuta machozi, akaukata, akafunika kisiki, akakihamishia kitambaa mti jirani.

Tangu hapo kila ziara ilikuwa hukumu. Mwezi wa nne Okoth alisimama mbele ya mti ule wa uongo muda mrefu, mkono kwenye gome. Rebeccah alikuwa amefungua mdomo kukiri.

"Mama, mursik iko?" Okoth akauliza.

Ikawepo. Maisha yakaendelea.

Leo Okoth alichuma upesi upesi, akatia majani kwenye mfuko wa kaki, na mfuko ndani ya sanduku la barafu la nyuma ya pikipiki. Siku hizi hata makasi hafuti kwa spiriti, Rebeccah aliwaza, kazi ameizoea. Kisha akaketi, akanywa, akaongezewa, akasimulia habari za chumba chake cha kupanga mjini Kericho.

"Huko naongea na redio pekee," alisema. "Na nyumbani Ahero siendi sana. Tangu tumzike mama, nyumba imefungwa."

"Pole, kijana wangu. Ongeza kidogo."

Waliongea hadi mawingu ya alasiri yakashuka juu ya mashamba ya chai. Ndama akakata kamba, na Okoth akatoka mbio kumrudisha, viatu vizuri vyote kwenye matope. Rebeccah alicheka peke yake mlangoni. Kumbe bado alijua kucheka! Halafu hofu ikamrudia, kwamba maabara itagundua, na mlango huu hautabishwa tena.

Akaona amwekee maparachichi ya njiani kwenye lile sanduku lake la barafu. Hakuwahi kulifungua.

Hamkuwa na barafu. Mlikuwa na mfuko wa leo juu, chini yake wa mwezi uliopita, chini yake wa mwezi wa kabla ya huo, hadi ule wa Mei ambao majani yake yalikuwa yamekauka yakapukutika, kila mmoja na tarehe yake, wala hakuna uliofika maabara tangu utoke hapa uzioni.

"Haya, Mama Kipkurui, tuonane mwezi ujao?" Okoth aliita kutoka uani, akipangusa matope.

Rebeccah aliukumbuka ule mkono kwenye gome mwezi wa nne, akapanga maparachichi juu ya mifuko, moja moja, akafunga kifuniko.

"Mwezi ni mbali," akajibu. "Majani ya huu mti yanachipuka haraka. Kuja tu Jumamosi."