Jezi Iliyopelekwa Kanisani

"Mama, hili doa ni la nini?" mchezaji aliuliza, jezi mkononi, kidole kwenye bega la kulia.

Anastasie aliendelea kukunja taulo. Mwaka wa tatu huu anafua nguo za timu ya raga hapa Houston, na hakuna doa lililowahi kumshinda ila hilo la mafuta.

Asubuhi ile mkataba wa mchezaji ulikuwa umevunjwa. Alikuwa amecheza miaka kumi na miwili kwao Wales, akaja Marekani kumalizia nguvu zilizobaki.

"Kocha kaambiwa bega langu limeharibika," alisema. "Aliyemwambia ni huyu ninayekaa naye. Mlijua wawili tu, na wewe, Mama, ni mtu wa Mungu. Nimemtupia mabegi yake nje."

Aibu ilimpanda Anastasie shingoni mpaka masikio yakawaka. Jumapili iliyopita alikuwa ameipeleka jezi hiyo kanisani kwake, kule Stafford, mchungaji akaipaka mafuta. Na kwa kuwa katika kanisa hilo mgonjwa huombewa kwa jina na kwa ugonjwa wake, alishika maikrofoni akamtaja mchezaji, timu na bega, mkalimani akigeuza kila neno kwa Kiingereza, ibada nzima ikirushwa mtandaoni.

Aliweka taulo chini.

"Mpigie mwenzako simu, mwanangu. Mwambie arudishe mabegi ndani."

"Kwa nini?"

"Mpigie kwanza. Halafu uje unitazame usoni."